Kutoka Mulago hadi Riyadh: Njia ya Seli Iliyokataa Kufa

Mwaka 1988 madaktari wa Riyadh, wakiongozwa na Wajeh Qunibi wa Hospitali Maalumu ya Mfalme Faisal, walichapisha ripoti kuhusu watu waliopandikizwa figo nchini Saudi Arabia. Huduma yenyewe ilikuwa bado changa. Figo ya kwanza ilipandikizwa Riyadh mwaka 1979, na wagonjwa waliofuata waliishi kwa dawa za kupunguza kinga, ili mwili usiikatae figo ya mtu mwingine. Madaktari walijua kwamba kinga ikishuka, saratani hupata nafasi. Kilichowashangaza ni saratani gani. Katika nchi za Magharibi, mtu aliyepandikizwa figo huhofiwa zaidi limfoma na saratani za ngozi za aina nyingine. Riyadh iliona sarkoma ya Kaposi: mabaka na vinundu vya zambarau iliyokolea, mara nyingi miguuni, wakati mwingine hadi mapafuni na tumboni. Hiyo ndiyo iliyoongoza kwa wingi kuliko uvimbe mwingine wowote.

Kwa daktari aliyesomea Makerere, mabaka yale hayakuwa mageni. Mwaka 1961, miongo miwili kabla UKIMWI haujajulikana, wataalamu kutoka mabara mbalimbali walikutana Kampala kuujadili ugonjwa huohuo, kwa sababu Uganda na mashariki ya Kongo zilikuwa na wagonjwa wengi kuliko karibu kila mahali duniani. Kampala ya 1961 na Riyadh ya 1988 zilijiuliza swali moja bila kujua: kwa nini seli hizi hazifi wakati seli nyingine zote hujua wakati wao wa kufa?

Nimeifuata njia ya swali hilo, kwa miguu na kwa vitabu. Ninaiandika kwa sababu sehemu kubwa ya jibu lake ilitoka katika miili ya watu wetu, nasi hatusimuliwi hivyo shuleni.

Mji wa matumbawe

Msafiri wa pwani aendaye Saudi Arabia huanzia Jeddah, kama walivyoanza mahujaji wa Lamu, Mombasa na Unguja tangu enzi za majahazi. Sehemu ya kale ya mji, Al-Balad, iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2014. Aliyekulia Mkunazini au Mji wa Kale wa Mombasa hahitaji kuelezwa nyumba zake: kuta nene za mawe ya matumbawe, boriti za mbao zilizolazwa ndani ya ukuta, chokaa juu yake, na roshani za mbao zilizochongwa zikining'inia juu ya vichochoro. Nyumba ya Naseef, iliyoanza kujengwa katika miaka ya 1870, ndiyo ijulikanayo zaidi. Mfalme Abdulaziz alifikia humo alipoingia Jeddah mwaka 1925.

Mahali chokaa ilipobanduka, jiwe huonekana waziwazi. Uso wake umejaa vitundu vya duara, kila kimoja na kuta nyembamba zinazokutana katikati. Kila kitundu kilikuwa makao ya mnyama mmoja mdogo, polipi, aliyejijengea mifupa ya chokaa baharini. Watu wa Jeddah walikata mawe hayo karibu na pwani yao, kama wetu walivyokata yao.

Mnyama huyo ana sehemu kubwa katika habari hii. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichukua protini ya binadamu iitwayo TNF, mojawapo ya protini ziwezazo kuiamuru seli ife, wakaiweka kwenye tumbawe lililo hai. Seli za tumbawe zilikufa kwa utaratibu uleule unaozifisha seli zetu. Kisha wakageuza jaribio: protini ya tumbawe ikawekwa kwa seli za binadamu, nazo zikafa. Mababu wa matumbawe na mababu zetu waliachana zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na bado amri ya kufa inasomeka pande zote mbili. Protini za kuizuia amri hiyo nazo zimo. Matumbawe yana protini za jamii ya BCL-2, ambazo kwa binadamu ni miongoni mwa walinzi wakuu wa uhai wa seli.

Bahari inapopata joto kupita kiasi, mvutano huo wa kufa na kuishi huonekana kwa macho. Tumbawe hupoteza mwani unaolilisha, baadhi ya seli zake hufa kwa mpangilio, na mwamba mzima hupauka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Kenya na Tanzania mwaka 1998. Bahari ya Shamu karibu na Thuwal, kaskazini ya Jeddah, ilipata pigo hilo mwaka 2010 na tena 2015. Thuwal ndiko kilikofunguliwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mfalme Abdullah mwaka 2009, na watafiti wake wa matumbawe wanajishughulisha na swali la wavuvi wa Pemba na Mafia pia: mwamba upi utastahimili, na kwa nini.

Kwa hiyo kifo cha kupangwa ni cha kale, na ulinzi dhidi yake ni wa kale vilevile. Lakini binadamu walianza kuuona ulinzi huo katika wodi ya watoto, mbali na bahari.

Anga lenye nyota

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland, amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Taya za mtoto zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuwahi kuona jambo kama lile. Muda si mrefu, akiwa Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe uleule. Alianza kupekua mafaili, akachapisha matokeo yake mwaka 1958, na mwaka 1961 akafunga safari ya gari pamoja na madaktari wenzake Ted Williams na Cliff Nelson. Walikwenda hospitali hadi hospitali, kutoka Uganda hadi kusini ya bara, kiasi cha kilomita 16,000, wakiuliza kila mahali kama watoto wa pale wana uvimbe huo. Ramani waliyorudi nayo ilionyesha kwamba ugonjwa hufuata joto na mvua, kule kule malaria inakokaa mwaka mzima.

Mjini Kampala kulikuwa na wataalamu wa patholojia waliojua kazi yao. Gregory O'Conor na Jack Davies walitambua kwamba uvimbe ule ni limfoma, yaani saratani ya seli za kinga. Dennis Wright aliieleza sura yake chini ya hadubini. Seli za saratani zilijipanga zikibanana, nyeusi, zote za ukubwa mmoja. Na katikati ya weusi huo zilitawanyika seli kubwa nyeupe, kila moja ikiwa na makombo tumboni. Wataalamu waliiita sura hiyo anga lenye nyota, na wanafunzi wa udaktari wanaitambua kwa jina hilo hadi leo.

Makombo yale ni seli za saratani zilizokufa, na zile seli nyeupe ni walaji wanaosafisha mabaki. Uvimbe unaokua kwa kasi kuliko karibu uvimbe wote wa binadamu ulikuwa pia ukifa kwa kasi. Hakuna mtu wakati ule aliyekuwa na nadharia ya kueleza jambo hilo.

Machi 1961 Burkitt alihutubia Hospitali ya Middlesex, London, na mtafiti Anthony Epstein alikuwapo akimsikiliza. Tangu hapo vipande vya uvimbe vilianza kusafirishwa kwa ndege kutoka Entebbe. Desemba 1963 ndege mojawapo ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Sampuli ilipofika maabara, maji yake yalikuwa yameingia ukungu, kama yaliyooza. Epstein hakuyatupa. Aliyatazama kwa hadubini na kukuta seli hai zinaelea, moja moja. Kutokana na seli hizo za mtoto wa Uganda, yeye na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong, aliyezaliwa Trinidad, waliotesha seli maabara na mwaka 1964 wakatangaza kirusi kipya, kinachoitwa leo Epstein-Barr.

Seli za kinga za mtu mzima zikitolewa mwilini na kuwekwa kwenye chupa hufa baada ya siku chache. Kirusi hiki kikiziingia, huendelea kuishi na kugawanyika bila kikomo. Mwaka 1991 kundi la Alan Rickinson huko Birmingham lilionyesha sababu mojawapo: protini moja ya kirusi huifanya seli itengeneze BCL-2 kwa wingi. Kirusi kina hata jeni lake lenyewe linalofanana na BCL-2. Kimebeba kinga dhidi ya kifo, na huipa seli kinayoikalia.

Ujumbe wa kuishi

Kutoka Jeddah barabara hupanda mlima wa Taif na kukata jangwa, kilomita zipatazo 950, hadi Riyadh. Katika Mtaa wa Olaya umesimama mnara wa Al Faisaliah, wenye tufe la kioo karibu na kilele, uliojengwa na Taasisi ya Mfalme Faisal. Taasisi hiyo imekuwa ikitoa tuzo za kimataifa tangu mwaka 1979. Ukiisoma orodha ya waliotuzwa, utaona kwamba wengi waliolijibu swali la Mulago, mmoja mmoja, wamepita Riyadh.

Kabla ya kuwataja, turudi mwaka 1972. Mwaka huo John Kerr wa Brisbane, pamoja na Andrew Wyllie na Alastair Currie wa Aberdeen, walieleza kwamba seli hufa kwa namna mbili. Iliyojeruhiwa huvimba na kupasuka, ikaacha uchafu na homa ya mahali pale. Nyingine hujikunja, hujikata vipande vilivyofungwa vizuri, na jirani huvimeza pasipo ghasia. Hii ya pili waliiita apoptosisi. Ni kazi ya kila siku. Vidole vyetu vilitengana tumboni mwa mama kwa kufa kwa seli zilizokuwa kati yake, na katika mtu mzima mabilioni ya seli hufa hivyo kila siku. Nyota za Mulago zilipata maelezo.

Janet Rowley wa Chicago alipokea tuzo ya Riyadh ya tiba mwaka 1988, mwaka uleule wa ripoti ya figo, pamoja na Mel Greaves. Alikuwa ameonyesha kwamba katika lukemia vipande vya kromosomu huhama na kuunganishwa pasipo pao. Katika uvimbe wa Burkitt, kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni liitwalo MYC huhamia mara nyingi kwenye kromosomu ya 14, mahali panapofanya kazi bila kupumzika, na seli hugawanyika bila breki. Katika limfoma nyingine, ya watu wazima, kinachohamia ni kipande cha kromosomu ya 18. Yoshihide Tsujimoto na Carlo Croce walilikuta jeni la BCL-2 hapo katikati ya miaka ya 1980. Wote walidhani ni jeni lingine la kuhimiza ukuaji. Mwaka 1988 David Vaux, akiwa na Suzanne Cory na Jerry Adams mjini Melbourne, aligundua kwamba BCL-2 haihimizi ukuaji hata kidogo. Kazi yake ni kuizuia seli isife. Kwa mara ya kwanza ilifahamika kwamba saratani inaweza kuanza kwa kukataa kufa, wala si kwa kuzaliana tu.

Sydney Brenner alipokea tuzo ya Riyadh ya sayansi mwaka 1992, kwa maisha aliyoyatumia juu ya mnyoo wa milimita moja. Mwili wa mnyoo huo hutengeneza seli 1,090, na 131 kati yake hufa kwa zamu inayojulikana. Mwaka huohuo wa 1992 maabara ya Robert Horvitz ilieleza jeni la mnyoo linaloziokoa seli na kifo hicho, na Vaux akaonyesha kwamba BCL-2 ya binadamu ikiwekwa ndani ya mnyoo huziokoa seli zake. Brenner, Horvitz na John Sulston walipata Nobel miaka kumi baadaye.

Mwaka 1992 pia, Martin Raff wa London aliandika wazo lililobadilisha namna ya kuutazama mwili. Alisema seli zetu karibu zote zimejiandaa kufa, na huendelea kuishi kwa sababu majirani huzitumia ujumbe usiokatika wa kuziambia ziishi. Seli ni kama karabai: isipopampiwa upepo, mwanga hufifia na kuzimika, hata kama mafuta yamejaa. Rita Levi-Montalcini alikuwa amekwisha kuliona hilo kwenye mishipa ya fahamu, ambayo hufa ikikosa protini maalumu, na alipata Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1986.

Ujumbe huo unapitaje? Hapa yafaa kutazama kwa karibu. Protini ya nje hugusa kipokezi kwenye utando wa nje wa seli. Ndani, kimeng'enya kiitwacho PI3K hukimbilia kwenye utando na kubandika fosfati moja zaidi juu ya mafuta fulani yaliyomo humo. Mafuta hayo ni ya jamii ileile iliyompa Michael Berridge tuzo ya Riyadh mwaka 1986, alipoonyesha jinsi yanavyopasuliwa ili kupeleka ishara ndani ya seli. Fosfati ile humvuta mjumbe mwingine, AKT, ambaye huamshwa papo hapo. AKT huishika protini ya BAD, mchochezi wa kifo, na kuifanya ifungwe kando na protini nyingine. BCL-2 na ndugu zake hubaki huru kuilinda mitokondria. Ulinzi huo ukivunjika, mitokondria huvuja protini inayowaamsha wakataji wa seli, kaspesi. Hata hapo mlinzi wa mwisho amebaki: XIAP, ambaye hukamata kaspesi moja kwa moja. Upande wa pili yupo PTEN, anayeibandua fosfati ile na kuukata ujumbe. Sehemu kubwa ya njia hii iliunganishwa kati ya mwaka 1996 na 1998, na maabara nyingi kwa pamoja.

Kila hatua ya njia hii yaweza kughushiwa. Axel Ullrich, aliyepokea tuzo ya Riyadh ya tiba mwaka 2003 pamoja na Umberto Veronesi, alionyesha njia mojawapo katika saratani ya matiti: kipokezi cha HER2 huongezeka kupita kiasi, na seli husikia ujumbe wa kuishi hata kama hakuna aliyeutuma.

Vitalu vya nta

Hospitali Maalumu ya Mfalme Faisal ilifunguliwa Riyadh mwaka 1975, na tawi lake la Jeddah likaanza kazi mwaka 2000. Katika kituo cha utafiti cha Riyadh, Khawla Al-Kuraya, daktari wa patholojia, aliunda kundi lililojiuliza swali jepesi kusema na zito kufanya: je, katika saratani za Wasaudi wenyewe, njia hii ya uhai imeghushiwa wapi?

Swali lilikuwa na sababu. Saratani ya tezi ya thairoidi, ile iliyokaa mbele ya koo, ni ya pili kwa wanawake wa Saudi Arabia baada ya ya matiti, jambo lisilokuwa la kawaida duniani. Vitabu vilivyoandikwa kwa wagonjwa wa Boston au London visingeweza kumaliza habari ya wanawake wa Qassim na Jeddah.

Kazi ilianzia stoo. Kila uvimbe unaotolewa hospitalini hukatwa kipande, hukaushwa maji na kufungiwa ndani ya kitalu cha nta, na vitalu hukaa kwenye droo miaka na miaka. Fundi huchukua sindano yenye uwazi wa milimita 0.6, akachomoa kijiti chembamba cha nyama kutoka kila kitalu na kukipanda kwenye kitalu kipya, safu kwa safu, kama mamia ya nukta. Kitalu hicho kikikatwa kwa wembe mwembamba, kipande kimoja cha kioo hubeba mamia ya wagonjwa. Kisha kioo humwagiwa kingamwili inayoitambua AKT iliyoamshwa. Nukta inayogeuka kahawia ni uvimbe unaopokea ujumbe wa kuishi mfululizo. Nukta nyeupe ni uvimbe unaotumia njia nyingine. Daktari anazisoma moja baada ya nyingine na kuzilinganisha na mafaili: nani alipona, nani saratani ilimrudia.

Kwa njia hiyo Al-Kuraya na wenzake, wakiwamo Shahab Uddin na Azhar Hussain, walikuta jeni la PI3K limebadilika au kuongezeka katika sehemu ya saratani za thairoidi za watu wao. Mwaka 2010 walieleza kipokezi cha leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili, kuwa ni mlango mwingine wa kuiamsha AKT katika saratani hiyo. Katika nchi ambamo unene umeenea haraka, habari hiyo ni ya afya ya umma. Jeffrey Friedman na Douglas Coleman, waliotuongoza kuijua leptini, walipokea tuzo ya Riyadh mwaka 2013. Mwaka 2015 kundi hilohilo liliandika juu ya XIAP, mlinzi wa mwisho, katika thairoidi.

Mwaka 2010 Mfalme Abdullah alimtunuku Al-Kuraya Nishani ya Mfalme Abdulaziz ya daraja la kwanza, na mwaka 2013 akawa miongoni mwa wanawake 30 wa kwanza kuingia Baraza la Shura. Heshima hizo ni haki yake. Lakini cha kujifunza kwake ni droo zile za nta. Utafiti wa Riyadh uliwezekana kwa sababu hospitali ilitunza vipande vya wagonjwa wake na mafaili yao pamoja.

Habasoda

Shangazi yangu wa Mombasa alinipa agizo moja kabla sijaondoka. "Mwanangu, ukifika Jeddah niletee habasoda. Ya huko ina nguvu." Nikamwitikia, "Nitakuletea, shangazi, ila kliniki usiiache." Yeye hana saratani, ana sukari, lakini wengi wanaoagiza habasoda wanaugua saratani, na maabara ya Riyadh inahusika na jambo hilo moja kwa moja.

Mwaka 2006 Hussain na wenzake walionyesha kwamba kakumini, kiini cha manjano, huidhoofisha njia ya PI3K na AKT na kuzifisha seli za lukemia. Mwaka 2011 wakaonyesha kwamba thaimokwinoni, kiini cha habasoda, huzifisha seli za limfoma adimu. Ni kazi ya kweli, iliyofanywa kwa makini. Ilifanyika kwenye sahani za maabara, juu ya seli zilizooteshwa, kwa viini vilivyosafishwa. Manjano tunayokula hufika kwenye damu kidogo mno, na seli katika sahani haina ini la kuichuja dawa wala damu ya kuitawanya. Jaribio kama hilo humwonyesha mtafiti mahali pa kuchimba. Halimpi mgonjwa ruhusa ya kuacha matibabu. Wanaouza mafuta ya habasoda kwa kuwataja watafiti wa Riyadh wanawanyang'anya wagonjwa muda, na kwa uvimbe unaokua haraka, muda ndio uhai.

Jibu na deni

Limfoma ile adimu ya mwaka 2011 inaturudisha kwenye mabaka ya zambarau. Mwaka 1994 Yuan Chang na Patrick Moore mjini New York walikigundua kirusi cha sarkoma ya Kaposi, na ikathibitika kwamba kirusi hicho ndicho kinachosababisha pia limfoma ile. Mwaka 1998 Qunibi na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa wa figo wa Saudi Arabia waliopata Kaposi walikuwa na dalili za kirusi hicho katika damu yao. Nacho, kama kile cha Entebbe, kina silaha za uhai: nakala yake ya BCL-2, na protini inayoiwasha njia ya NF-kB, ambayo bila hiyo seli za limfoma hufa. Kinga ya mwili huweza kuzitafuta seli hizo na kuziua. Kinga ikishushwa kwa ajili ya figo, seli hizo hubaki hai.

Madaktari wa 1988 walikuwa katika mtihani mgumu. Wakipunguza dawa za kushusha kinga, mabaka hurudi nyuma, lakini figo huweza kukataliwa na mwili, na mgonjwa akarudi kwenye mashine ya kusafisha damu. Jibu lilitoka Bari, Italia, mwaka 2005. Giovanni Stallone na wenzake waliwabadilishia dawa wagonjwa 15 wa figo wenye Kaposi, wakawapa sirolimasi. Dawa hiyo, iliyotokana na bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, huilinda figo. Wakati huohuo huikata njia ya PI3K na AKT chini zaidi, kwenye protini ya mTOR. Baada ya miezi mitatu mabaka ya ngozi yalikuwa yametoweka kwa wote 15, na figo zao zilibaki. Dawa moja iliondoa ujumbe wa uhai kwa saratani bila kumnyang'anya mtu figo yake.

Mwaka 2016 Marekani iliidhinisha venetoklaksi, dawa inayoishika BCL-2 yenyewe, kwa aina moja ya lukemia ya watu wazima. Miaka 28 baada ya Vaux kulifahamu jeni lile, mgonjwa aliweza kumeza kidonge kinachoizuia protini yake.

Watoto wa Mulago nao walikuwa na jibu lao, na ni la zamani zaidi. Seli za Burkitt hazina BCL-2 ya kutosha. MYC huzisukuma kugawanyika na huzisukuma kufa kwa wakati mmoja, kwa hiyo zinaishi ukingoni. Ndiyo maana Burkitt alipowapa watoto siklofosfamidi, dawa ya bei nafuu, taya zilinywea katika siku chache. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanza mwaka 1967 chini ya John Ziegler na baadaye kuongozwa na Charles Olweny, Mganda wa kwanza kushika nafasi hiyo, ilijenga matibabu hayo yakasifiwa duniani kote.

Hata hivyo watoto wengi wa Afrika Mashariki bado hufika hospitali wakiwa wamechelewa, na wengine hukatiza matibabu kwa kukosa nauli. Kaposi bado ni miongoni mwa saratani zinazowapata zaidi wanaume wa Uganda. Sayansi iliyoanzia kwao imewafikia kidogo. Tunahitaji patholojia ya uhakika Mulago, Muhimbili, Bugando na Kenyatta. Vitalu vya nta vihifadhiwe na visitupwe, daftari za saratani zisikose fedha, na dawa zilizokwisha kupungua bei zisikosekane dukani mwa hospitali. Riyadh imeonyesha kwamba taifa likizisoma saratani za watu wake, hugundua mambo ambayo hakuna mgeni angeyagundua kwa ajili yake. Kampala ilionyesha jambo hilohilo mapema zaidi, kwa vifaa vichache zaidi. Waliotoa sampuli wana haki ya kupata tiba, na serikali zetu zianze kuiandika haki hiyo katika bajeti za mwaka huu.